Nilivyowalisha mikunga wa miiba mpaka wakataga

Mikunga wa miiba wa maji baridi, samaki warefu wembamba kama nyoka, wana sifa ya kugoma kula kwenye tangi. Wangu, wa jenasi ya Macrognathus, walishinda wamejifukia mchangani, pua tu nje, na chakula kikavu kilioza bila kuguswa. Nikaamua kufuata ratiba yao: samaki hawa huwinda usiku, na hutafuta chakula kwa kunusa zaidi kuliko kwa kuona.

Nilizima taa kwanza, kisha nikashusha minyoo hai wa ardhini, waliooshwa, karibu na walipojificha. Inafaa kuitazama ile pua. Ni kama kamkonga kafupi, kana matundu mawili yenye vijibomba pembeni, na hujipinda huku na huku kakipapasa mchanga. Ikimgusa mnyoo, mdomo mdogo uliopo chini yake humvuta ndani mara moja. Walipozoea, nikaanza kuchanganya viluwiluwi wa mbu waliogandishwa, wakavila pia. Mchanga lazima uwe laini sana. Changarawe huchubua ngozi, na vidonda vyao ni kazi kuvitibu kwa sababu hawastahimili dawa nyingi.

Ulaji huo ndio uliofungua uzazi. Jike alijaa tumbo, madume wakabaki wembamba. Kabla ya hapo sikuweza kuwatofautisha. Porini wengi wao huzaliana mvua zinapofurisha maji, kwa hiyo nilipunguza maji ya tangi, nikayarudisha kidogo kidogo yakiwa laini (yenye madini machache) na ya baridi kiasi, juu nikatandaza mimea inayoelea yenye mizizi mingi. Madume walianza kumfukuza jike usiku. Hatimaye nikakuta mayai madogo, yanayopenyeza mwanga, yamenata kwenye mizizi.

Niliwahamisha wazazi papo hapo, maana sikuona dalili ya kuyalinda. Mayai yaliyogeuka meupe niliyatoa kwa mrija kabla ukungu haujasambaa. Vifaranga walipoanguliwa waliishi kwa kiini cha yai, kwa hiyo sikuwapa kitu hadi walipoanza kuogelea. Ndipo nikawapa atemia (vijikamba vidogo sana) waliototolewa karibuni, kidogo na mara nyingi. Chujio liwe la sponji, lisiwavute. Wanaokua haraka huwanyang'anya wadogo chakula, hivyo nawatenganisha kwa ukubwa, na kila tangi nimelifunika hata kwenye tundu la waya, kwa kuwa mkunga hupenya popote kichwa kinapopita.