Nilivyoipoza na kuituliza kompyuta ya sinema sebuleni, hapa Mbeya

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unaishi Mbeya na kompyuta yako inachemka, atakucheka. Inachemkaje huko kwenye masweta na mablanketi? Kweli, mwezi wa sita na wa saba sebule yangu hapa Ilomba jioni haivuki nyuzi 18. Lakini filamu ikifika pale watu wanaponong'ona, kilichokuwa kinasikika ni feni. Mke wangu alikuwa na swali lake la kila jioni: "Baba Neema, hiyo ndege yako inatua Songwe saa ngapi?"

Mashine yenyewe ni ya kuunga: mazabodi (bodi kuu) ndogo ndani ya keisi ya kulala, prosesa ya Core i5-6500, yaani ubongo wa kompyuta, hadi diski iliyojaa filamu, na waya wa HDMI unaokwenda kwenye TV ya 4K. Sauti inatoka kwenye sabufa. Nilipoweka programu ya kusoma joto na kucheza filamu moja nzito, prosesa ilipanda hadi nyuzi 84, feni yake ikikimbia kwa nguvu zote, na chumba kiko 18.

Wapo wanaolaumu mwinuko, na hawajakosea sana. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 15. Feni inasukuma ujazo uleule wa hewa, ila ndani ya ujazo huo hewa ya kubeba joto imepungua. Prosesa ambayo pwani ingekuwa nyuzi 40 juu ya joto la chumba, huku inaweza kuwa nyuzi 45 hivi. Sawa, lakini chumba cha Mbeya kimepoa kwa nyuzi kumi au zaidi ukilinganisha na cha Dar, kwa hiyo baridi inalipa deni lote la mwinuko na chenji inabaki. Chenji yangu ilikuwa inaliwa na kabati.

Kabati la TV lilichongwa kwa mbao za paina za Mafinga, zuri kwa macho, lina mlango wa kioo mbele na pleiwudi nyuma. Kompyuta ilikuwa inavuta hewa iliyoitoa yenyewe dakika moja kabla. Nikiufungua mlango wa kioo wakati filamu inaendelea, joto la prosesa lilishuka bila kugusa kitu kingine. Hicho ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya leo bila senti. Namba zikishuka kwa kufungua mlango, usinunue feni yoyote kwanza, mwite seremala.

Wangu alitoboa tundu pana chini kwa nyuma, na jingine juu kabisa upande wa pili, kwa sababu hewa ya moto hupanda na inahitaji pa kutokea. Tundu la juu nikalifungia feni ya milimita 120. Feni hiyo ni ya volti 12, ila nimeiunganisha na tundu la USB la TV, linalotoa volti 5. Nyingi za aina hiyo zinaanza kuzunguka hata kwa volti 5, polepole mno, na huwezi kuzisikia. TV ikiwashwa feni inaamka, ikizimwa inalala. Nimependa mpango huo kuliko kitu chochote kingine nilichofanya, labda kwa sababu haukunigharimu zaidi ya waya wa chaja mbovu.

Kabati lilipunguza joto, lakini kelele ilibaki kwenye filamu zilezile. Nyingine zilikuwa zinacheza kimya kabisa, nyingine dakika ya pili tu feni imeanza kupiga mluzi. Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo, na ndipo watu wengi wanapopaacha na kukimbilia kununua kipoza kikubwa, yaani chuma na feni vinavyokaa juu ya prosesa.

Filamu nyingi za siku hizi zenye ubora mkubwa zimebanwa kwa mfumo wa H.265, na kuzifungua kuna njia mbili. Kwanza, prosesa inaweza kupiga hesabu zote yenyewe, viini vyote vinne, yaani sehemu zake za kupigia hesabu, vikitoka jasho. Pili, kazi inaweza kupewa kipande maalumu kilichomo kwenye sehemu ya michoro ya prosesa hiyohiyo, ambacho kimetengenezwa kwa kazi hiyo tu na kinakula umeme kiduchu. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, kama i5 yangu, zilizotoka 2015, zinacho kipande hicho, ila kinamudu vizuri H.265 ya biti 8 tu (biti ni kipimo cha wingi wa rangi za picha). Ile ya biti 10, ambayo ndiyo imejaa kwenye filamu za 4K, inakishinda na mzigo unarudi kwenye viini. Kizazi cha saba, ambacho prosesa zake za kompyuta za mezani zilitoka mwanzoni mwa 2017, kinazimudu zote mbili. Mimi natumia Kodi, programu ya kuchezea filamu; filamu ikiwa inacheza, ukibonyeza herufi O kwenye kibodi, maelezo yanatokea juu ya picha na unaona ni njia ipi inatumika.

Bahati ni kwamba mazabodi nyingi za kizazi cha sita zinapokea prosesa za kizazi cha saba, mradi Bayosi, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, isasishwe kwanza. Nikaenda Mwanjelwa kwa fundi ninayemwamini, nikamwambia natafuta Core i3-7100, ya kizazi cha saba.

"Bosi, watu wanatoka i3 kwenda i5," akasema. "Wewe unarudi kinyumenyume?"

Nikamweleza kwamba mimi sihariri video wala sichezi magemu, natazama tu. i5 yangu ilipangiwa wati 65, i3 hiyo wati 51, na kwenye kutazama filamu haitafikia hata nusu ya hizo kwa sababu kile kipande maalumu ndicho kitakachofanya kazi. Hakushawishika, ila i5 aliipokea kama sehemu ya malipo, haraka sana. Bayosi niliisasisha nyumbani kabla ya kutoa prosesa ya zamani, kompyuta ikiwa kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya kazi ile mazabodi inaweza kufa palepale, na huku kwetu umeme hauagi ukiondoka.

Filamu iliyokuwa inakamua prosesa karibu yote sasa inatumia chini ya asilimia kumi. Joto linacheza kwenye nyuzi 45 hadi 48. Kwa nilivyoona, kimya cha sebuleni kinapatikana kwa kuzuia joto lisizaliwe. Lililokwisha kuzaliwa lazima ulihamishe, na kulihamisha kuna kelele zake.

Asiyeweza kubadili prosesa ana njia ya bure ndani ya Windows: kwenye mipangilio ya umeme, weka kikomo cha juu cha prosesa kiwe asilimia 99 badala ya 100. Hiyo asilimia moja inazima ile tabia ya prosesa kujiongezea spidi kupita kiwango chake cha kawaida, na huko kwenye spidi ya ziada ndiko umeme mwingi unakopotelea. Nilitumia hivyo nikisubiri i3 ipatikane.

Feni za ndani sasa. Keisi ilikuja na ya milimita 80 nyuma. Feni ya milimita 120 ikizunguka mara 700 au 800 kwa dakika inasukuma hewa karibu sawa na ya milimita 80 inayozunguka zaidi ya mara mbili ya hapo. Na kwa kanuni ya jumla, ukipunguza spidi ya feni kwa nusu, sauti yake inashuka kwa kama desibeli 15. Sikio linahesabu 10 tu kuwa nusu ya kelele. Kwa hiyo nilikata bati la nyuma nikaweka kubwa. Kwenye Bayosi nikaipangia feni ya prosesa ibaki chini kabisa mpaka joto lifike nyuzi 60, kisha ipande taratibu. Feni inayopanda na kushuka kila mara inaudhi kuliko inayovuma kwa sauti moja.

Kulibaki mngurumo mzito ambao haukuwa wa feni. Hadi diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inatetemeka mara 120 kwa sekunde, na mbao za kabati zilikuwa zinaupokea huo mtetemo na kuukuza. Windows nikaihamishia kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Hadi diski ya filamu nikaining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ndani ya keisi, isiguse bati. Chini ya keisi nikaweka miguu minne iliyokatwa kwenye ndala. Mwenye ndala alitafuta ya kushoto muda mrefu, mpaka akainama kuchomeka chaja ya simu.

Vumbi ndilo kazi isiyoisha. Kuanzia mwezi wa nane upepo wa Mbeya unaleta vumbi mpaka ndani ya masanduku ya nguo. Tundu la chini la kabati nimelivisha kitambaa cha soksi ndefu za kike, zile nyepesi. Zinazuia vumbi na hewa inapita. Nikiona joto limeanza kupanda bila sababu, naivua na kuifua. Ndani napuliza kwa blowa, ila feni naishika kwa kidole isizunguke, kwani ikizungushwa na upepo inaweza kuzalisha umeme wa kuirudia mazabodi, na beringi zake zinaumia. Jiko la mkaa sebuleni wakati wa baridi tumeliacha: moshi wake unanata kwenye kipoza, na hewa yake inaua watu.

Shemeji yangu wa Iringa alipokuja akasikia, au tuseme hakusikia, akataka afanyiwe hivyohivyo. Yake ni kizazi cha nne. Prosesa ya kizazi cha saba haiingii kwenye soketi yake, na ndani hakuna kipande cha H.265. Nimemwambia aanze na kutoboa kabati, aweke ile asilimia 99, na filamu atafute za H.264, mfumo wa zamani kuliko H.265, ambazo mashine yake inazifungua bila jasho. Feni ya milimita 120 nimempakilia kwenye basi, na waya wake wa USB nimeshauunga.