Nilivyonakili picha za Webuye ya zamani bila kumharibia mtu hata moja

Ukiambiwa picha ya zamani ipelekwe ikalaminetiwe, shukuru kwa adabu kisha ushike njia yako. Mimi nilishauriwa hivyo na fundi wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, nikashauriwa na mwalimu mmoja, na muuza fremu sokoni akaongezea lake: zile zilizonata kwenye albamu niziloweke kwenye maji ya moto, eti zitajiachia zenyewe. Mjomba wangu aliwahi kulaminetisha picha yake ya harusi. Plastiki ile ikishashikwa na moto wa mashine haibanduki tena, na unyevu uliokuwa kwenye karatasi ukabaki humo ndani. Leo bibi harusi ana madoa ya ukungu kuanzia shingoni kwenda chini, na mjomba hataki tulizungumze.

Ninazotafuta ni picha za maisha ya kawaida ya Webuye, huku magharibi mwa Kenya, miaka ya 1970 na 1980, mji ulipokuwa bado mchanga. Ukiuliza historia ya hapa utatajiwa vita vya Chetambe vya 1895 na maporomoko ya Nabuyole, basi. Sikatai, lakini mji huu wenye esteti, stendi na foleni za mwisho wa mwezi ulizaliwa na karatasi. Kampuni ya kiwanda cha karatasi, Pan African Paper Mills, iliundwa 1969, serikali ikiwa pamoja na akina Birla, matajiri wa viwanda wa India, na IFC, tawi la Benki ya Dunia, na karatasi ikaanza kutoka 1974. Kabla ya hapo palikuwa stesheni ya reli kwa jina la Broderick Falls. Bado ninakutana na picha zilizoandikwa nyuma kwa kalamu ya wino, "B. Falls", na mwaka.

Sasa fikiria kijana ametoka shambani, anapata mshahara wa kwanza maishani. Akishanunua shati anaenda wapi? Studio. Ndiyo maana picha hizi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Suruali ya pekosi, nywele za afro, mkono umekunjwa juu ya kifua ili saa ionekane, redio imepakatwa mapajani kama mtoto mchanga. Nyuma yake kuna ndege iliyochorwa kwenye kitambaa, na huyo bwana hata Kisumu hajafika. Lakini zinazonifurahisha zaidi ni zile zilizopigwa nje, ambazo wenyewe wanaziona hazina maana: akina mama kwenye foleni ya posho mili, watoto uchi nyuma ya nyumba za wafanyakazi, malori ya magogo kutoka Turbo yakiwa yameegeshwa barabarani, mwanamke wa Kihindi mwenye sari akichagua nyanya huku muuzaji akicheka na mtu ambaye hatumwoni.

Shida ilikuwa zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika. Kila nyumba inayo moja. Miaka arobaini baadaye gundi imekauka, picha imekuwa kitu kimoja na ukurasa, na ukivuta kwa ukucha kona inakunjika na sura inapasuka. Niliiona nyumba moja ambapo mjukuu alijaribu kisu cha mezani. Sitasema zaidi.

Dawa ni nailoni nyembamba ya kuvulia samaki. Niliinunua sokoni kwa pesa ya chai. Nafunga kila ncha kwenye kijiti ili isinikate vidole, naipitisha chini ya kona ya juu, kisha navuta kulia, kushoto, kulia, kushoto, nikishuka polepole, macho yangu kwenye ukurasa na siyo kwenye picha. Nailoni inakata gundi, haigusi karatasi. Kwanza lakini kunja ukurasa kidogo sana uone kama kuna kona iliyojiinua yenyewe, anzia hapo. Usiku wa baridi ni bora kuliko adhuhuri, kwa sababu gundi ikipata joto inalainika na kuvutika. Kukhu mmoja, yaani bibi mzee, alikuwa amenikalia kando na fimbo yake, akisema nikimharibia picha ya mumewe nitajua sijui. Ya kwanza ilipotoka nzima aliinyakua, akaitazama nyuma na mbele, akaingia chumbani na kurudi na albamu nyingine mbili ambazo awali aliniapia hana.

Kama picha imenata kwenye kioo cha fremu, iache hapo hapo. Ipige picha kwa simu yako kupitia kioo. Nilichofanya ni kutoboa tundu kwenye kitambaa cheusi, kamera ikachungulia hapo, na mng'ao wote ukaisha. Simama kando ya dirisha lisilopigwa na jua.

Filamu zenyewe, yaani negativu, zilipatikana kwa familia ya mpiga picha aliyefariki, ndani ya mkebe wa biskuti. Ukifungua ukasikia harufu ya siki, filamu zimeanza kuoza. Zitenge na nyingine siku hiyo hiyo, maana mvuke huo unaharakisha kuoza kwa jirani zake. Skana ya filamu nilitajiwa bei nikacheka. Badala yake niliazima tableti, nikaiwasha kioo cheupe tupu, nikaweka makopo mawili ya jemu na juu yake kipande cha kioo cha dirisha, filamu juu ya kioo. Yale makopo ndiyo siri: filamu ikilala moja kwa moja kwenye tableti, vidoti vya skrini vinaingia kwenye picha. Ukiiinua, vinapotea. Piga kutoka juu, geuza rangi kwa programu yoyote ya bure.

Kuhusu majina, nilianza kwa kuuliza "Mzee, huyu ni nani?" na kujibiwa "Wengine walishakufa." Hapo mazungumzo yanaisha. Nikabadilisha. Sasa naweka picha mezani na kusema kwa sauti ya mtu anayejua: "Hii ni ya 1986, na huyu ni karani wa stesheni." Wee! Mzee anavua miwani. "Nani amekudanganya? Huyo alikuwa wa boila kiwandani, na '86 alikuwa tayari amerudi kwao Siaya!" Ndani ya dakika chache nina majina ya mstari mzima na nani alikuwa na deni la nani.

Mwaka nao una alama zake, usitegemee kumbukumbu pekee. Dukani angalia picha ya rais ukutani: Kenyatta alifariki Agosti 1978, kwa hiyo akiwapo Moi ujue ni baada ya hapo. Mtoto mwenye pakiti ya maziwa ya Nyayo hawezi kuwa kabla ya 1979. Nambari za magari ziliongezewa herufi mwishoni kuanzia 1989. Picha za rangi zilizogeuka nyekundu nyingi ni za miaka ya sabini, samawati ndiyo hutangulia kuondoka. Zile nyeusi na nyeupe ni chembe za fedha, zinadumu.

Jina andika nyuma kwa penseli laini, kando, usikandamize. Na picha halisi usiondoke nayo. Nakili hapo hapo kwa mwenyewe. Watu walionificha albamu walinifungulia milango waliposikia kwamba sitabeba kitu.

Jumamosi naenda Misikhu, kuna mama anayesemekana ana kiwanda chote kwenye sanduku lake la chuma. Fundi wa saiba ameomba tuandamane. Nimemwambia aje, ila mashine yake ya lamineti aiache dukani.