Pipi za karanga ndani ya brauni, Jumamosi moja Kirumba

Pipi zilifika Mwanza na utando mweupe juu. Mpwa wangu alizibeba kutoka Marekani, begi likashinda Dar es Salaam kutwa nzima likingoja ndege ya huku, na chokoleti haina ubavu wa kuhimili joto la Dar. Mafuta ya kakao huyeyuka kabla hata ya kufikia joto la mwili wa mtu. Yakiganda tena kiholela, hupanda juu na kuacha weupe ambao wengi hudhani ni ukungu.

"Shangazi, hizi zimeoza," akasema, ameshanyanyua mkono kuelekea ndoo ya taka.

Hazikuwa zimeoza. Utando ule ni mafuta tu, na kitu kinachokwenda kufukiwa katikati ya brauni, ile keki bapa nzito ya chokoleti, hakidai sura. Kesho yake jirani alikuwa na sherehe ya ubatizo na tulikuwa tumeahidi trei mbili. Pipi zikaenda friza.

Zilikuwa Reese's, zile za chokoleti zenye umbo la vikombe na siagi ya karanga ndani. H. B. Reese alianza kuzitengeneza mwaka 1928 kulekule Hershey, Pennsylvania, baada ya kufanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya kampuni ya Hershey. Kikombe cha kawaida kina gramu 21 hivi. Trei ya sentimita 20 kwa 20 hubeba 9, safu tatu za vitatu, na ndivyo vilivyokuwepo vizima. Trei ya pili ilibidi tuijaze kwa pipi za kujitengenezea, jambo ambalo binafsi lilinifurahisha, maana Reese's kwa ulimi uliozoea karanga na chumvi ni tamu kupita kiasi.

Karanga tulinunua sokoni asubuhi. Kazi yake kubwa si kukaanga, ni kuchambua. Ile iliyonyauka, yenye doa jeusi au vumbi la kijani, ama inayonuka stoo, inatolewa, kwa sababu ndiyo yenye hatari ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa. Anayenunua karanga zilizosagwa tayari hajui kilichoingia humo. Mpwa alichambua kwenye ungo huku nikikaanga zilizo safi kwa moto mdogo, nikigeuza bila kupumzika mpaka ganda jembamba likaanza kuachia na ndani kuwa na rangi ya kahawia hafifu. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani mbichi, na uchungu wake hauzimwi na sukari. Baada ya hapo unafikicha, unapepeta, maganda yanaruka.

Blenda inataka subira. Karanga huwa unga kwanza, kisha zinajikusanya donge na mtu anaanza kushawishika kuongeza maji. Usiongeze hata tone. Zima, kwangua pembeni, pumzisha mota, endelea, mafuta yatatoka yenyewe na donge litalainika. Kwa gramu 130 za siagi ya karanga tuliweka gramu 50 za sukari ya unga, gramu 20 za siagi na chumvi robo kijiko cha chai. Sukari ya unga haipo kwa ajili ya utamu peke yake. Huwa na wanga kidogo ndani yake, nayo kwa pamoja hushika mafuta ya karanga yasikimbie. Ukiweka siagi ya karanga tupu, ile ambayo mafuta yake yanaelea juu ya chupa, inachuruzika kwenye oveni na kuacha shimo lenye mafuta. Kujazia kwa Reese's nako kunatulia kwa sababu hiyohiyo: ni kukavu na sukari yake ni nyingi.

Tukafinyanga vidonge 9 vya gramu 20, upana sentimita 4, unene sentimita 1 na ushee, vikaingia friza saa nzima. Kisha tukavichovya haraka kwenye chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa, vikarudi friza. Hapa kuna jambo la sisi wa ziwani: friza za Mwanza zina samaki. Ya kwetu ilikuwa na sato na kifurushi cha dagaa, na siagi na chokoleti hunyonya harufu kuliko kitu chochote jikoni. Pipi zote, za Marekani na za nyumbani, zilikaa kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, limefungwa na mfuko juu yake. Asiyefanya hivyo atakula brauni ya dagaa.

Mchanganyiko wa trei moja ulikuwa siagi gramu 150, chokoleti nyeusi gramu 150, sukari gramu 250, mayai 3, unga wa ngano gramu 90, kakao gramu 30, chumvi nusu kijiko cha chai na vanila kidogo. Hakuna hamira ya unga. Ukiiweka, brauni inaumuka na kuwa keki ya chokoleti ya kawaida, nzuri tu, lakini siyo hii.

Siagi na chokoleti zinayeyushwa pamoja kwenye bakuli lililokalia sufuria ya maji yanayochemka taratibu, bakuli lisiguse maji. Bakuli liwe kavu, mwiko uwe mkavu. Tone la maji kwenye chokoleti tupu huifanya igande chembechembe papo hapo, ila ikiwa na siagi tangu mwanzo inavumilia zaidi, ndiyo maana siziyeyushi mbalimbali. Ikishalainika inatolewa motoni na kuachwa ipoe hadi iwe vuguvugu. Mayai yakimwagwa kwenye chokoleti ya moto yanaiva vipandevipande, na yakiwa ya baridi kutoka kwenye friji yanagandisha siagi.

Sukari ya dukani kwetu ina chembe kubwa. Tuliipitisha kwenye blenda mara moja, halafu tukaipiga na mayai mpaka yakapauka na kuwa mazito. Lile ganda jembamba linalong'aa na kupasukapasuka juu ya brauni linatokana na sukari iliyoyeyuka vizuri ndani ya mayai. Wanaokoroga sukari kwa mwiko mizunguko miwili mitatu wanapata brauni yenye uso mfu na chembe zinazokwaruza meno. Kakao na unga huchekechwa na kuingia mwisho, na mkono unasimama mara weupe wa unga ukipotea. Ukizidi kukoroga, inakuwa ngumu.

Tulipofika kwenye kupanga, mpwa alitaka kuharakisha, na hapo nikamzuia. Mchanganyiko ukiwa bado wa moto ni mwepesi, pipi inazama mpaka chini, inagusa trei na kuungua. Tukausubiri ukawa mzito kiasi cha kuanguka kwenye mwiko kwa uvivu. Nusu ikatandazwa juu ya karatasi ya kuokea, pipi zikatoka friza sekunde hiyohiyo, zikapangwa mbali na ukingo na mbali na mwenzake kwa upana wa kidole, nusu iliyobaki ikafunika juu. Nafasi kati ya pipi na pipi ndiyo njia ya kisu. Baridi ya friza inaipa brauni muda wa kuiva pembeni kabla pipi haijalegea.

Trei ya Reese's iliingia oveni ya umeme kwa nyuzi 175, ikatoka baada ya dakika 33. Ya pili ilikuwa haijafika nusu umeme ulipokatika.

Brauni haina hamira ya kuporomoka, kwa hiyo hitilafu kama hiyo, ambayo ingeiua keki, yenyewe inaistahimili. Hatukufungua mlango. Oveni iliyofungwa hubaki na joto la kutosha kwa dakika kadhaa, na dakika hizo tulizitumia kuwasha mkaa na kuandaa oveni ya mkaa iliyokuwa uani. Makaa machache chini, mengi juu, kwa sababu sukari na chokoleti huungulia chini kwanza. Chini ya trei tukaweka trei nyingine tupu, hewa katikati yake ikawa kinga. Upepo wa ziwani alasiri unachochea makaa bila kukuuliza, basi mlango wa jiko ukageuzwa kuelekea ukutani. Iliiva kwa muda mrefu kuliko ya kwanza, na ganda lake la juu halikung'aa vilevile.

Kupima nako kuna mtego. Njiti ikichomwa juu ya pipi itatoka na karanga laini hata kama brauni imeiva kupindukia. Choma katikati ya pipi mbili. Ikitoka na uji mbichi, bado. Ikitoka safi kabisa, umechelewa. Inayotakiwa itoke na chembe zenye unyevu, kingo zimeanza kujitenga na trei, na katikati kunatikisika kidogo ukiisukuma. Itaendelea kuiva yenyewe nje ya oveni.

"Shangazi, tukate hata moja tuonje."

"Ngoja ipoe, mwanangu." Brauni ya moto yenye pipi ukiikata, tumbo lake linamwagika na kisu kinapaka chokoleti kila upande. Zilipoa mezani kwa muda wa saa tatu, kisha friji kidogo, ndipo tukakata vipande 9 kila trei kwa kisu kirefu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa baada ya kila mkato. Kila kipande kilipomegwa katikati ulionekana mstari wa karanga ndani ya weusi, wa Reese's mpana na wenye ungaunga, wa kwetu mwembamba na unaong'aa mafuta.

Sahani ziliwekwa mbali na meza ya watoto, na mama wa mtoto aliombwa atangaze kwamba zina karanga, kwani wapo ambao karanga huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi, na ukiitazama brauni kwa nje huijui. Vijana walikimbilia za Reese's. Wazee walishika za karanga zetu na chai ya rangi isiyo na sukari, na nadhani walichagua vizuri. Vipande vilivyobaki tulifunga kimoja kimoja na kuvirudisha kwenye lile kopo la bati, ndani ya friza. Kabla ya kula vinatolewa nusu saa mapema, ukiwahi kukiuma kikiwa kimeganda ladha ya karanga hutaipata.