Digium, Asterisk na sanduku la sauti kwenye ofisi za Mwanza

Kama ofisi yenu bado inatumia swichibodi inayoendeshwa na kompyuta kuukuu, fungua kasha uangalie. Ukikuta kadi ya PCI yenye matundu manne ya simu, na juu yake vibao vidogo vyekundu na vya kijani vimesimama, hiyo ni TDM400P ya Digium au nakala yake. Kibao chekundu hupokea laini ya TTCL inayotoka nje, cha kijani hulisha simu ya mezani iliyo ndani. Kampuni iliyobuni kadi hiyo imeshamezwa na nyingine, ila Asterisk, programu yake inayoendesha swichibodi na sanduku la sauti (yaani kurekodi ujumbe wa wapigaji), inaendelea kufanya kazi. Historia yake tunaiandika kwa sababu usumbufu mwingi wa mitambo hii umeanzia humo.

Mwaka 1999 Mark Spencer, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Auburn, alifungua kampuni ndogo huko Huntsville, Alabama, nchini Marekani, akaiita Linux Support Services. Kazi yake ilikuwa kusaidia kwa simu watumiaji wa Linux, mfumo wa kompyuta wa bure. Mtaji ulikuwa takriban dola 4,000, na swichibodi ya kununua ilikuwa ghali kuliko mtaji wenyewe, kwa hiyo akaandika ya kwake kwa lugha ya C. Akaiita Asterisk, ile alama ya nyota, na kuiachia kila mtu chini ya GPL, leseni inayoruhusu kuitumia na kuibadili bure.

Tatizo likawa kuiunganisha na laini halisi. Mtu mwingine, Jim Dixon, alikuwa na mradi aliouita Zapata, kwa jina la mwanamapinduzi wa Mexico. Hoja yake ilikuwa kwamba prosesa za kompyuta za kawaida zimekuwa na nguvu ya kutosha kuchakata sauti zenyewe, hivyo kadi za simu zenye vichakataji vyake, zilizouzwa kwa maelfu ya dola, hazina ulazima tena. Alichora kadi rahisi na mchoro wake akautoa bure. Mawazo hayo mawili yalipokutana, kampuni ya Spencer, iliyobadili jina ikawa Digium, ikapata njia ya kuishi: programu bure, mkate uko kwenye kadi. Toleo la 1.0 la Asterisk lilitoka Septemba 2004.

Urahisi huo una gharama zake. Kadi haina akili, kila mlio na kila mwangwi hushughulikiwa na prosesa. Kompyuta ikizidiwa, kwa mfano mtu akiigeuza seva ya kuhifadhi video za kamera, sauti hukatikakatika. Halafu kuna mtego wa majina, unaowakamata mafundi mpaka leo: kibao cha FXO, kile chekundu, husetiwa kwa ishara za FXS, ambalo ni jina la kile cha kijani. Kwenye faili la mipangilio ya kadi, system.conf, unaandika fxsks=1, siyo fxoks. Ukigeuza, laini haitapokea wala kupiga. Vibao vya kijani vinahitaji pia ule waya wa umeme wa pini nne kutoka kwenye pawasaplai, kwa sababu mlio wa simu hutaka volti zipatazo 90 na PCI peke yake haiwezi kuzitoa. Ukikuta simu za ndani zimekufa zote kwa mpigo baada ya mtu kusafisha kompyuta, anza na waya huo.

Adui mkubwa huku kwetu ni radi. Pwani za Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na juu ya maji mawingu hukomaa usiku, ofisi zikiwa zimefungwa na waya zote zimechomekwa. Laini ya simu ni waya mrefu wa shaba unaopita juu ya nguzo, na kibao chekundu kimetengenezwa kwa laini yenye volti 48 hivi. Kinga ya radi ya laini ya simu, ile yenye mirija ya gesi, ifungwe pale waya unapoingia ndani ya jengo, siyo mezani karibu na kompyuta. Na kinga bila ethi, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini, ni pambo. Hapo Mwanza inatuonea: Capri Point, Bugando na vilima vingine ni mawe, fimbo ya shaba ya mita 1.2 inagonga mwamba kabla haijafika nusu. Usiikate na kuondoka. Chimba mtaro, laza waya mtupu wa shaba kwa urefu, uunganishe fimbo mbili tatu palipo na udongo, kisha pima. Ukifika chini ya omu 10 umefanya kazi. Ethi ya simu na ethi ya umeme ziunganishwe pamoja, vinginevyo tofauti ya volti baina yake ndiyo itakayopita ndani ya kadi.

Usumbufu wa pili ni ujumbe wa dakika tatu wenye "tuu, tuu, tuu" mtupu. Mpigaji amekata, lakini laini ya analojia haikuiambia kadi kwamba amekata, na mlio siyo ukimya, kwa hiyo mashine inarekodi tu mpaka muda uishe. Wakati huo laini imeshikwa na wateja wengine wanaambiwa inatumika. Dawa ni busydetect=yes (sikiliza mlio wa kukatwa) na busycount=4 (kata baada ya milio minne) kwenye faili la chan_dahdi.conf, pamoja na busypattern yenye vipimo vya mlio wa laini yenu. Usinakili vipimo vya mtandaoni. Rekodi mlio, ufungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, upime milisekunde za sauti na za ukimya, uandike hizo. Ukishusha busycount hadi 2 ili ikate upesi, itawakatia na watu walio katikati ya maongezi.

Kuhusu tabia za wapigaji, tuseme ukweli: mteja wa Kirumba anayeulizia bei ya dagaa haongei na mashine. Mashine ikipokea tu, salio lake linaanza kuliwa, naye amezoea kubipu. Iache simu iite sekunde 20 kabla ya sanduku la sauti kupokea. Salamu isizidi sekunde 8: jina la ofisi, "acha jina na namba yako", basi. Salamu ya nusu dakika yenye muziki ni wizi wa vocha ya mwenzako. Kisha, kwenye faili la voicemail.conf, weka maxsilence=5 (sekunde za ukimya zinazokomesha kurekodi) na minsecs=6 (urefu mdogo kabisa wa ujumbe unaohifadhiwa). Namba ya kwanza lazima iwe ndogo kuliko ya pili, kwa sababu mtu akinyamaza, kurekodi kunakoma sekunde ya 5, ujumbe unaonekana ni mfupi mno, unatupwa. Ukizigeuza, asubuhi utasikiliza ujumbe mtupu kumi kabla ya ule wa maana.

Kuitafsiria mashine sauti ndiko kwenye kazi tamu. Rekodi zako ziweke kwenye /var/lib/asterisk/sounds/sw, kila faili likiwa na jina lilelile la Kiingereza, herzi 8000, chaneli moja. Ila usitafsiri faili kwa faili. Mashine hucheza vm-youhave, kisha tarakimu, kisha vm-INBOX, kisha vm-messages, na matokeo yake ni "una tatu mpya ujumbe". Kwenye vm-youhave sema "idadi ya ujumbe wako ni", kwenye vm-INBOX sema "mpya", na vm-message pamoja na vm-messages yawe ukimya wa robo sekunde. Lile faili la vm-no, linalochezwa baada ya vm-youhave sanduku likiwa tupu, liseme "sifuri".

Saa nayo ina ujanja. Mashine itasema ujumbe wa saa nane mchana umeingia "mbili". Kwenye sehemu ya zonemessages ndani ya voicemail.conf, badala ya Africa/Dar_es_Salaam andika Etc/GMT+3. Alama ya kujumlisha hapo ina maana ya kinyume, yaani saa tatu nyuma ya GMT, ambayo ni saa sita nyuma yetu. Saa 14:00 inakuwa 8:00, na mashine inasema "nane". Ondoa herufi p inayotamka asubuhi au jioni, maana itakuwa ya uongo. Kasoro inayobaki ni ujumbe ulioingia kati ya usiku wa manane na alfajiri ya saa kumi na mbili, ambao utatajwa kuwa wa jana. Kwa ofisi ya kawaida si neno. Kwa zahanati, baki na saa ya kizungu.

Nafasi haisumbui. Ujumbe uliohifadhiwa kwa muundo wa wav hula takriban kilobaiti 960 kwa dakika, wa muundo wa gsm, uliobanwa, kama 99. Gigabaiti moja ya gsm ni zaidi ya saa 160 za maongezi. Kinachosumbua zaidi ni umeme kukatika katikati ya ujumbe: rekodi inayoendelea hukaa kwanza kwenye folda ya tmp, na mashine ikizimika haifiki INBOX, folda ya ujumbe mpya. Kompyuta ikiwaka na tarehe ya miaka ya nyuma, badilisha betri ya CR2032 kwenye ubao mama.

Mwaka 2008 Zaptel, dereva (programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi), ilibadilishwa jina kuwa DAHDI, kwa sababu jina la awali lilikuwa alama ya biashara ya watu wengine. Kisha laini zikahamia kwenye intaneti, kadi zikapungua soko, na mwaka 2018 Digium ikanunuliwa na Sangoma ya Kanada, iliyokuwa mshindani wake kwenye hizohizo kadi. Asterisk 21 ya mwaka 2023 ilikuja bila chan_sip, sehemu ya zamani ya kuunganisha simu za intaneti, kwa hiyo ukihama kutoka mtambo wa zamani, faili la sip.conf halitasomwa. Andika upya mipangilio hiyo kwenye pjsip.conf, faili la sehemu mpya.

Ujumbe wa zamani unahamishika. Zima Asterisk, nakili folda yote ya /var/spool/asterisk/voicemail kwenda mashine mpya, kisha rudisha umiliki wa mafaili kwa mtumiaji anayeendesha Asterisk. Ukisahau hatua hiyo ya mwisho, sanduku litakusomea ujumbe vizuri kabisa, ila kila ukiufuta utaukuta palepale.