Vigae vya Lami Chini ya Jua la Jangwani

Niliwahi kupanda juu ya paa la vigae vya lami saa 7 mchana, na sitarudia. Niliposhuka, alama za viatu vyangu zilibaki pale nilipokanyaga, na katika kila alama chembe za mawe zilikuwa zimebanduka, lami nyeusi ikabaki wazi. Siku hizi napanda alfajiri, lami ikiwa bado ngumu.

Chembe hizo si pambo. Lami ndiyo inayozuia maji, lakini mionzi ya jua huikausha hadi ipasuke, na chembe ndizo zinazoikinga. Zikipukutika, kigae huanza kujikunja kingo. Jangwani, ambako paa jeusi laweza kufikia nyuzijoto 70 mchana kisha likapoa sana usiku, kigae hutanuka na kusinyaa kila siku, na hali hiyo hukizeesha kuliko mvua yenyewe.

Ndiyo maana napendelea vigae vyenye chembe zilizotengenezwa ili kurudisha miale ya jua, ambavyo hupatikana hata katika rangi za kahawia, na vyenye lami iliyochanganywa na mpira, kwa kuwa hiyo haikauki upesi. Vyeusi vya kawaida naviona ni uchaguzi mbaya, hata vikipendeza namna gani.

Hata hivyo, kigae kizuri juu ya nafasi isiyopitisha hewa kati ya paa na dari ni fedha iliyopotea, maana kitaungua juu na chini. Kanuni iliyozoeleka ni sehemu 1 ya matundu kwa kila sehemu 150 za eneo la dari. Matundu yakigawanywa vizuri, ya kuingizia hewa chini penye ukingo wa paa na ya kuitolea juu kileleni, 1 kwa 300 hutosha.

Utunzaji wenyewe hauna mengi. Vumbi hufagiliwa kwa ufagio laini, kamwe si kwa mashine ya maji ya shinikizo. Chembe chache kwenye mfereji wa paa jipya ni jambo la kawaida. Kiganja kizima chini ya bomba la paa la miaka mingi ni habari nyingine. Nami hukagua kwanza kola za raba zinazozunguka mabomba ya hewa, kwa sababu paa langu lilipovuja, vigae vilikuwa vizima kabisa: raba ndiyo iliyokuwa imepasuka.