Nilioneshwa, Sikuomba

Moshi, Ijumaa, saa tatu usiku

Leo kuna mkesha. Maji ya chai yako jikoni, tangawizi nimetwanga tangu mchana, chupa mbili zitatosha. Nina muda kidogo kabla bodaboda hajaja, na kuna jambo nimetembea nalo tangu Jumanne ambalo sitaki lilale bila kuandikwa.

Jumanne nilipita soko la Mbuyuni kununua nyanya. Yule mama ninayenunua kwake aliinua macho, akasema "Karibu," akanifungia fungu la elfu moja, akapokea hela, akageukia mteja mwingine. Hakuongeza neno. Huu ni mwaka wa tatu haongezi neno, na ana haki yake.

Mnaosoma hapa mnajua niko kwenye timu ya maombezi ya kanisa letu. Nimeandika sana kuhusu mikesha, kuhusu kufunga, kuhusu majibu tuliyopata. Hili sijawahi kuliandika.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Moshi ya kuomba huku umejifunika blanketi. Kama saa tisa usiku tulikuwa tunaombea familia, nami nikaona. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema. Niliona meza ya yule mama pale sokoni, ile ndoo anayoikalia imepinduka, na mtu amesimama nyuma yake. Basi. Ndoo, na mtu. Moyo ulinienda mbio. Kulipokucha sikurudi nyumbani hata kuoga, nilikwenda moja kwa moja sokoni, nikamkuta anapanga nyanya, nikamvuta pembeni nikamwambia: "Dada, Bwana amenionesha jambo. Kuna mtu wako wa karibu anataka ukae chini usiinuke tena."

Mtu wa karibu. Hayo sikuoneshwa. Nilioneshwa mtu amesimama, sikuoneshwa sura wala nia yake. "Wa karibu" niliongeza mimi, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kusikia unabii ukitolewa: adui yuko ndani ya nyumba, adui anakula nawe sahani moja. Maneno hayo yalikuwa mdomoni mwangu tayari, yakisubiri mtu wa kumwangukia.

Jioni ile ile yule mama alishapata jina la huyo mtu: mama mkwe wake. Anaishi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha wakwe zake, nyumba mbili, katikati kinjia kinachopita chini ya migomba. Ndani ya wiki mbili watoto walikatazwa kula kwa bibi yao, yule aliyekuwa akiwapikia kiburu, ndizi na maharage, kila wakitoka shule. Desemba ilipofika na ndugu wakapanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, walikuta mbuzi wawili wamechinjwa katika kihamba kimoja, kila nyumba na wake. Anayejua Uchagani anajua maana ya mbuzi wawili.

Ndoo haikupinduka. Yule mama hakuugua, biashara yake haikufa. Kilichokufa ni kile kinjia.

Mchungaji aliposikia hakunigombeza. Alinituma kwa Bibi mmoja wa Kiboriloni, mwombezi wa zamani, mtu ambaye sijawahi kumsikia akitoa neno la unabii madhabahuni ingawa wote tunajua kwamba anaona. Nilimkuta uani anamenya ndizi, mikono ameipaka mafuta ya kupikia utomvu usishike. Nikamwamkia, akaniitikia, akanisogezea kigoda na kisu. Tukamenya. Nikamweleza yote kuanzia usiku wa mkesha.

Akaniuliza, "Ulipooneshwa, ulimwambia Mungu nini?"

Nikasema nilimshukuru kwa kunionesha.

"Na yule mama ulimwombea lini?"

Nilitafuta jibu hadi kisu kikasimama. Sikumwombea. Kutoka saa tisa usiku hadi saa moja asubuhi, saa nne nzima nikiwa kwenye chumba cha maombi, sikumtaja mbele za Mungu hata mara moja. Nilikuwa napanga namna ya kumwambia.

Bibi akasema, "Mwanangu, ulipewa ombi, wewe ukatoa tangazo." Akaendelea kumenya. Baadaye akanituma ndani nilete Biblia, nisome Yeremia 27, mstari wa 18.

Nilikuwa nimeusoma mstari ule bila kuuona. Yeremia anashindana na manabii waliokuwa wakiwaambia watu kwamba vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa Babeli vitarudi upesi. Anawapa kipimo: kama kweli hao ni manabii, kama neno la Bwana liko pamoja nao, basi na wamwombe Bwana, vyombo vilivyobaki Yerusalemu visichukuliwe navyo. Hawaambii watabiri zaidi. Hawaambii waoneshe ishara. Anasema wapige magoti, hapo tutajua.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma upya, na karibu mwaka mzima nilisoma jambo hilo moja tu. Mara ya kwanza kabisa Biblia inapomwita mtu nabii ni Mwanzo 20, na anayeitwa hivyo ni Abrahamu. Mungu anamtokea mfalme Abimeleki katika ndoto, anamwambia amrudishe Sara kwa mumewe, kwa kuwa mtu huyo ni nabii, naye atamwombea apate kuishi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza nabii anayopewa. Na anapewa akiwa yeye mwenyewe ndiye chanzo cha shida, maana ndiye aliyesema Sara ni dada yake. Mstari huo ulinifariji mimi niliyekuwa nimeharibu. Mwenye kosa hakuondolewa kwenye maombezi, aliambiwa aombe.

Lakini aliyenishika zaidi ni Amosi. Nampenda kwa kuwa hakusomea unabii, alikuwa mtu wa mifugo na mikuyu, na ningeweza kumkuta kwenye daladala ya kushuka Marangu. Sura ya 7 inaanza na maono. Anaoneshwa nzige wakila majani ya nchi, naye hapo hapo analia: Ee Bwana, samehe, Yakobo atasimamaje, maana ni mdogo? Na Mungu anaghairi. Anaoneshwa moto, analia tena kwa maneno karibu yale yale, na Mungu anaghairi tena. Mara ya tatu anaoneshwa timazi, ule uzi wenye chuma ambao mafundi wetu hupimia ukuta. Safari hii Amosi haombi. Ukuta umepinda, na hakuna la kubishania.

Ndipo tunamkuta Betheli, na kuhani Amazia anamfukuza: nenda kwenu Yuda ukatabirie huko. Nimelitafakari sana jambo hili. Nadhani Amazia alimwona mtu mkali asiyependa taifa, mtu wa kuleta laana. Hakujua kwamba mtu anayemfukuza ndiye aliyesimama mara mbili akaizuia njaa na moto visiifikie nyumba yake. Maombi yale hayakusikiwa na mtu pale Betheli. Kilichosikika ni lile neno la tatu tu, nalo lilikuwa limetanguliwa na machozi mara mbili.

Mimi nilianza na la tatu.

Ezekieli naye analisema kwa uchungu, sura ya 13: manabii wa Israeli hawakupanda mahali palipobomoka. Sisi wa maombezi tunapenda kusema "kusimama mahali palipobomoka", tunaliimba, tunaliandika kwenye fulana. Lakini ukilisoma pale, ni shutuma dhidi ya manabii. Boma lilikuwa na ufa. Badala ya kusimama kwenye ufa, wakawa wanatabiri ya mioyo yao wenyewe.

Na Yeremia mwenyewe, Mungu alimkataza zaidi ya mara moja asiwaombee watu wale. Mtu hakatazwi asichokifanya. Lazima alikuwa akiomba sana hata ikabidi aambiwe acha.

Hapa Moshi hatuwezi kuongea haya kama watu wasio na kumbukumbu. Tarehe 1 Februari 2020, Jumamosi jioni, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako mwishoni mwa ibada. Wengine walikuwa watoto. Sikuwapo, ila kesho yake kanisani hakuna aliyeweza kumaliza wimbo. Na miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 2011, tuliona magari yakipita usiku na mchana kuelekea Samunge kule Loliondo, watu wakibeba wagonjwa wao kwenda kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Sina neno baya juu ya waliokwenda. Walikuwa na maumivu ya kweli, na shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Swali langu linatuhusu sisi tunaojiita waombezi: kwa nini mtu mwenye maumivu aone ni rahisi kusafiri siku tatu au kusukumana uwanjani kuliko kugonga mlango wa jirani yake anayeomba? Nadhani ni kwa sababu tuliwazoesha kwamba Mungu yuko kwa mtu mwenye neno la leo. Tuliacha kuwaonesha yule anayekaa na jina lako mbele za Mungu miezi minane bila wewe kujua.

Sisemi unabii umekwisha. Walionikaribia baada ya kosa langu wakaniambia hayo, nao walitaka kunisaidia, lakini siwezi kuwafuata. Agabo alitabiri njaa, na wanafunzi wa Antiokia wakachanga na kupeleka msaada Uyahudi. Lilikuwa neno la kusemwa, na lingekaa kimya watu wangeumia. Agabo huyo huyo alijifunga kwa mshipi wa Paulo kuonesha kitakachompata Yerusalemu. Ndugu wakalia, Paulo akakataa kubaki, nao wakasema mapenzi ya Bwana yatendeke. Hakuna aliyemwambia Paulo nani wa kumchukia.

Na yupo Bwana mwenyewe usiku ule wa mwisho. Anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka apate kuwapepeta kama ngano. Huo ni unabii, tena wa kutisha kuliko ndoo yangu. Lakini sikilizeni kinachofuata: amekwisha kumwombea, imani yake isitindike. Petro anapata habari ya hatari pamoja na habari kwamba tayari kuna aliyemwombea. Tangu niligundue hilo, najiuliza kila ninapotaka kumfuata mtu: naweza kumwambia "nimekwisha kukuombea" bila kusema uongo?

Timu yetu imebadilika kidogo. Anayeoneshwa jambo analiandika kwenye daftari na tarehe, kama alivyoliona, bila kulifafanua. Ndoo imepinduka ni ndoo imepinduka. Wawili au watatu wanalipima, maana Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba manabii wakinena, wengine wapambanue, na mchungaji anajua. Tunaomba na kufunga kwa ajili ya mhusika. Mengi yanaishia hapo, mzigo unaondoka na hakuna anayeambiwa kitu. Jina la adui halitolewi, kamwe. Hilo nililiomba mimi, na nililiomba nikilia. Wapo waliotuhama wakisema timu imepoa, hakuna moto. Inaniuma, kwa sababu mmoja wao ndiye aliyenifundisha kuomba.

Yule mama nilimfuata kuomba msamaha baada ya kukaa na Bibi. Nilimwambia wazi: lile la mtu wa karibu halikutoka kwa Mungu, lilitoka kwangu. Alisikiliza huku akifuta nyanya kwa kitambaa, moja moja. Akasema, "Nimesikia." Mpaka leo ni hilo tu.

Kwa mama mkwe wake nilipanda peke yangu, nikapiga magoti mlangoni. Aliniinua. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. Aliniambia, "Mwanangu, wajukuu walikuwa wanapita hapo wananiangalia miguu tu." Kisha akanipa ndizi za kwenda nazo. Mjukuu mkubwa ameanza tena kupitia kwake akitoka shule. Yule mdogo bado.

Kwa hiyo kila wiki nanunua nyanya pale, hata kama ninazo. Ninapotoka nyumbani hadi kufika Mbuyuni ni mwendo wa dakika 25 kwa miguu, nao nautumia kumwombea yeye, mume wake, watoto, na yule bibi, kila mmoja kwa jina. Nilianza kwa toba. Siku hizi nawaombea kwa sababu nimewapenda.

Juzi, Jumatano alfajiri, nilioneshwa jambo lingine, la mtu ninayemfahamu. Ni wazi kuliko lile la kwanza na linanitisha. Nimeandika mistari miwili kwenye daftari na tarehe. Jana mtu huyo tulikutana dukani, tukaongea habari za mvua na bei ya mchele, nikamsindikiza hadi kona.

Bodaboda amepiga honi. Leo sitakaa mbele na wanaoongoza. Nitakaa pale nyuma, karibu na dirisha, nianze na jina lake.