Kasa, kereng'ende na dimbwi la mtaani

Mvua za vuli zimeshika, na kereng'ende wametanda mtaani kwetu. Jioni nilisimama kwenye dimbwi la barabarani nikimtazama mmoja, wa rangi ya dhahabu. Anachovya ncha ya mkia, anainuka, anachovya tena. Kila akichovya anaacha mayai.

Moja kwa moja nikamfikiria kasa niliyewahi kumwona akitaga usiku kisiwani Juani, Mafia. Alikuwa akifukua shimo kwa mapezi ya nyuma, pezi moja baada ya jingine, amelikunja mithili ya kiganja, anachota mchanga na kuuweka kando bila haraka. Kisha mayai, mia moja na ushei. Akafukia, akajikokota kurudi baharini. Kasa jike akishapevuka, na hiyo ni miaka 25 au zaidi, hurudi kutaga pwani ileile aliyoanguliwa, na usumaku wa dunia humsaidia kuijua njia.

Kereng'ende huyu, Pantala flavescens kwa jina la kitaalamu, hafikishi hata gramu moja. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, aliandika kwamba makundi yanayotua huko kuanzia Oktoba hutoka India na huendelea na upepo hadi Afrika Mashariki. Visiwa vile karibu havina maji baridi ya kutagia, basi hawana budi kusonga mbele: bahari tupu, zaidi ya kilomita 3,000. Kusi ikivuma, safari ya kurudi huanza, ila wanaorudi ni kizazi kingine, kilichozaliwa kwenye madimbwi kama hili. Hawajawahi kuiona India.

Kasa namheshimu sana. Lakini anarudi mahali alipowahi kuwa. Huyu mdogo anaelekea asikokujua, na anafika. Kwangu hilo ni kubwa zaidi.

Kasa ana sheria inayomlinda, na viota vyake vina walinzi. Dimbwi letu limeletewa kifusi. Sababu ni mbu, na malaria si mchezo, nimeuguza watoto nyumbani. Hata hivyo, mtoto wa kereng'ende huishi majini humo humo, na viluwiluwi vya mbu ni chakula chake. Nimemwendea mjumbe nikamwomba wasubiri mvua ziishe. Amesema atawauliza wenzake, ila lori la pili limeshalipwa.